Sona Mubashara kwa Mvuvi wa Ziwani: Namna ya Kuanza

Karibu kila mtu anayewasha sona mubashara, yaani kifaa kinachotumia mwangwi kuonyesha papo hapo kilichomo majini, kwa mara ya kwanza hukimbilia kumtafuta samaki. Huzungusha kichwa cha kifaa huku na huku, huona madoa yanapita kwenye skrini, hurusha chambo kuelekea anakodhani madoa yapo, hapati kitu, na jioni hurudi mwaloni akiamini kwamba ama ziwa limeisha samaki au kifaa ni kibovu. Mwongozo huu nimeuandika ili kumwepusha mwanzaji na siku za namna hiyo, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: kabla hujamtafuta samaki kwenye skrini, jifunze kukiona chambo chako mwenyewe. Anayejua chambo chake kilipo kila sekunde ndiye anayeweza kukifikisha mbele ya samaki. Asiyejua anabahatisha, hata kama skrini yake ina ukubwa wa dirisha.

Mifano yangu inatoka Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, ninakovua sangara na sato kwa fimbo na chambo bandia. Hatua hizi zinamfaa pia anayevua Tanganyika, Mto Nile au bwawa la kawaida, ila vina na aina za samaki atavibadilisha kulingana na mahali alipo.

Kifaa chenyewe

Sona zote hutumia mwangwi. Kichwa kinachozama majini, ambacho mafundi hukiita transidyusa, hutoa mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio huo husafiri kwa mwendo wa karibu mita 1,500 kwa sekunde katika maji yenye nyuzijoto 25, hugonga kitu, kisha hurudi. Samaki aliye umbali wa mita 15 hurudisha mwangwi baada ya sehemu mbili tu za mia moja za sekunde, na kifaa hupiga hesabu ya muda huo kujua umbali. Kinachorudisha mwangwi kwa nguvu zaidi kwa samaki kama sangara na sato si nyama yake bali ni kibofu chake cha hewa, kwa sababu sauti hupita kwa urahisi kutoka majini kuingia kwenye nyama, lakini ikikutana na hewa hurudi kwa nguvu.

Tofauti ya sona ya kawaida na sona mubashara iko kwenye namna ya kuchora. Sona ya kawaida huchora historia: mstari mpya huongezwa upande wa kulia, na vyote vilivyo kushoto kwake ni mambo yaliyokwisha kupita chini ya chombo. Ndiyo maana samaki aliyetulia chini ya mtumbwi uliotulia huonekana kama utambi mrefu usio na mwisho. Sona mubashara ina vipande vingi vidogo vya kutoa na kupokea sauti vilivyopangwa pamoja, na kwa kuvitumia kwa mpangilio maalumu kifaa huelekeza sauti pande mbalimbali bila kichwa chenyewe kusogea, kikichora upya picha nzima mara nyingi ndani ya sekunde moja. Samaki akigeuka, unamwona anageuka.

Hapa ndipo mtu aliyezoea sona ya zamani anapojikwaa. Katika mwonekano wa mbele, kona ya juu kushoto ndipo kilipo kichwa cha sona, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyokwenda mbali na chombo. Kulia si wakati tena, ni umbali. Rafiki yangu mmoja, mvuvi hodari aliyetumia sona ya kawaida kwa miaka mingi, alihangaika asubuhi nzima akingoja samaki aliyeko kulia "apite", kumbe samaki alikuwa amesimama mita 14 mbele yake.

Kampuni ya Garmin ilitoa sona mubashara iitwayo LiveScope mwaka 2018, na baada yake Lowrance wakaleta ActiveTarget na Humminbird wakaleta MEGA Live. Kwa mwanzaji tofauti za kampuni hizi ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai, na ustadi wa mkono una uzito zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Hatua ya kwanza: kununua kwa mpangilio

Kabla ya kutoa fedha, jiulize kama unahitaji kifaa hiki sasa. Kichwa cha sona mubashara pamoja na kisanduku chake cha kuchakata mawimbi huanzia takriban dola 1,500 za Marekani kikiwa kipya, bila skrini, bila betri na bila ushuru wa kukiingiza nchini. Kwa anayevua kwa nyavu za makila, au anayevua dagaa kwa taa usiku, sioni faida inayolingana na gharama hiyo. Kinamfaa anayevua kwa fimbo akimlenga samaki mmoja mmoja, anayeongoza wageni wa uvuvi wa burudani, au mtu mwenye boti inayoweza kusimama mahali pamoja bila kuyumba sana. Na kama hujawahi kutumia sona yoyote, ushauri wangu ni kuanza na ya kawaida yenye GPS na ramani ya kina, kwa sababu sona mubashara haikutafutii eneo. Inakuonyesha kilichopo mahali ambapo wewe mwenyewe umeshapachagua.

Ukiamua kununua, orodhesha vitu vyote kwanza: skrini, kichwa, kisanduku cha kuchakata mawimbi kama mfumo wako unakihitaji, nyaya za kuunganisha, mhimili wa kufungia, betri na chaja. Vifaa vya kampuni tofauti havizungumzi lugha moja, na hata ndani ya kampuni moja si kila skrini hupokea kila kichwa. Mimi nililipia skrini iliyotumika, muuzaji akanihakikishia kwamba "inaingiliana na kila kitu", nikaja kugundua kwamba tundu la waya lipo lakini programu ya ndani haiitambui sona mubashara kabisa. Tangu hapo sinunui kabla ya kutafuta namba kamili ya modeli kwenye orodha ya mtengenezaji mwenyewe na kuona imeandikwa kwamba vitu hivyo viwili hufanya kazi pamoja.

Kuhusu skrini, usishuke chini ya inchi 9. Juani, huku chombo kinayumba, doa la chambo chenye urefu wa kidole halionekani kwenye skrini ya inchi 5 au 7, na kukiona chambo ndiko kunakofanya gharama yote hiyo iwe na maana.

Hatua ya pili: umeme

Matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya sona ni matatizo ya umeme. Mfumo wenye skrini ya inchi 9 au 10 pamoja na kisanduku chake huvuta kwa kawaida kati ya ampea 4 na 5 kwenye volti 12. Ukivua kwa saa 8 kwa ampea 5, umetumia ampea-saa 40. Betri ya asidi ya ampea-saa 40 haitoshi hata kidogo, kwa sababu betri ya namna hiyo ikizoeshwa kushushwa chini ya nusu hufa mapema. Ungehitaji ya 80 au 100, ambayo ni mzigo mzito kwenye mtumbwi. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye ampea-saa 50 huifanya kazi hiyo kwa uzito mdogo zaidi, nayo hushikilia volti zake karibu sawa tangu asubuhi hadi inapokaribia kwisha. Wauzaji wa vifaa vya sola mijini wanazo, ila hakikisha unapewa chaja yake, inayofikia volti 14.4 hadi 14.6, na kama unachaji kwa sola, kidhibiti chaji kiwe na mpangilio wa lithiamu.

Betri ya sona isitumike kuwashia mashine ya boti wala kuendeshea mota ya umeme. Mashine inapowashwa volti hushuka ghafla na skrini hujizima, na nyaya za mota zikilazwa kando ya waya wa sona huchora mistari na chengachenga ambazo mwanzaji huzidhania kuwa samaki. Pitisha nyaya za sona upande mmoja wa chombo na za mota upande mwingine. Weka fyuzi yenye ukubwa uliotajwa kwenye kijitabu cha kifaa, karibu na nguzo chanya ya betri, na tumia waya mnene wa shaba, angalau milimita 4 za mraba. Kisha fanya jaribio ambalo mafundi wengi hulipuuza: washa kila kitu, soma volti kwenye nguzo za betri kwa mita, halafu soma volti ambazo skrini yenyewe inaonyesha. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungo kilichooza mahali fulani, na hakuna mpangilio wa skrini utakaolitibu hilo.

Hatua ya tatu: kufunga kichwa

Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha kichwa kikiwa kimefungwa kwenye mota ya umeme iliyo omo. Kwa boti ya fibaglasi yenye mota hiyo ni sawa, ingawa kila mota inapogeuka kurekebisha mwelekeo, picha nayo hugeuka na kukupotezea samaki. Kwa mtumbwi wa mbao, na kwa kweli kwa mwanzaji yeyote, napendelea mhimili wa peke yake: bomba la alumini au chuma cha pua lenye mpini juu, lililofungwa ubavuni karibu na omo kwa klampu inayoruhusu kuzungusha kwa mkono na kunyanyua bomba lote juu ya maji unapotaka kukimbia.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, kichwa kizame chini ya usawa wa tumbo la chombo, la sivyo mbao zitaziba nusu ya picha. Kwenye mtumbwi wangu sentimita 40 chini ya uso wa maji zinatosha. Pili, piga mstari wa rangi kwenye mpini unaoelekea kule kule kichwa kinakotazama, kwa sababu ukiwa umeinamia skrini mkono wako lazima ujue mwelekeo bila macho kuuangalia. Fundi welda anaweza kuunga kipande cha bati chenye umbo la mshale, na kitu hicho cha bei ndogo kitakusaidia kuliko vingi vya bei kubwa. Tatu, waya uachiwe mlegezo wa kutosha mzunguko mzima na ufungwe kwa vibanio visivyoukaba, maana waya huo ukikatika ndani haufungwi kwa gundi ya umeme, na wakati mwingine kichwa kizima hubadilishwa.

Nyanyua kichwa kila unapoondoka. Miamba ya Mwanza haiishii pale inapoonekana juu ya maji.

Hatua ya nne: mipangilio ya mwanzo

Kifaa kikiwa kipya huja na mipangilio ya kujirekebisha chenyewe. Iache kwa dakika za mwanzo ili uone kama picha ipo, kisha chukua usukani wa mambo mawili: masafa na usikivu.

Masafa ya mbele yaweke mita 20, yasijirekebishe. Baadhi ya vifaa hudai kuona hadi mita 60, lakini ukifungua masafa hayo yote kila kitu huwa kidogo mno na chambo chako hupotea. Kina kiweke kidogo tu zaidi ya kina cha mahali ulipo. Kwenye maji ya mita 8, weka 10, ili sakafu ya ziwa ionekane karibu na chini ya skrini na maji yote yaliyo juu yake yapate nafasi.

Usikivu ni jinsi kifaa kinavyopokea mwangwi dhaifu. Ukiwa mdogo, chambo hakionekani. Ukizidi, maji yote hujaa chenga na samaki huzama humo. Pandisha polepole mpaka sakafu iwe angavu na maji yaanze kuwa na vumbi jepesi sana, kisha rudi nyuma kidogo. Baada ya mvua kubwa, mito inapoleta tope, utalazimika kuurekebisha upya. Vichujio vya kuondoa kelele viache vya chini au uvizime kabisa katika siku za kujifunza, kwa kuwa kichujio kikali hufuta kelele pamoja na chambo chembamba. Rangi chagua zinazosomeka juani, na usizibadilishe kila siku, kwa sababu jicho lako linajifunza rangi hizo kama linavyojifunza herufi.

Hatua ya tano: dumu, chubwi na subira

Hii ndiyo hatua ninayoomba isirukwe. Nenda asubuhi, kabla upepo haujaanza, mahali penye maji ya mita 5 hadi 6 na sakafu tambarare. Chukua dumu tupu la lita 5, ulifunge kamba ya mita 3, na mwisho wa kamba ufunge chubwi kubwa au kipande cha chuma chenye ukubwa wa ngumi. Litupe, sogea mita 12, tia nanga, kisha lielekezee mshale wa mpini. Utaona alama nzito inaning'inia mita 3 chini ya uso wa maji, na juu yake, kama maji yametulia, kivuli chembamba cha kamba.

Sasa geuza mpini polepole mpaka chubwi ipotee kwenye skrini, na uangalie umegeuza kiasi gani. Katika mwonekano wa mbele, kichwa cha LiveScope huona pembe pana ya nyuzi 135 kutoka juu kwenda chini, lakini nyuzi 20 tu kutoka kushoto kwenda kulia. Maana yake ni kwamba kwenye umbali wa mita 10 mwanga wa sauti una upana wa mita 3.5, na kwenye mita 20 una upana wa mita 7. Samaki unayemwona mita 20 mbele anaweza kuwa mita 3 kulia au mita 3 kushoto ya mshale wako, na skrini haitakuambia ni wapi. Namna ya kumpata ni kuugeuza mpini kulia mpaka afifie, kisha kushoto mpaka afifie, halafu kurudi katikati ya mipaka hiyo miwili. Fanya hivyo kwa chubwi mara ishirini. Mkono ukishazoea, utamfanyia samaki vivyo hivyo bila kufikiri.

Baada ya hapo ingiza chambo. Anza na cha mpira chenye kichwa cha risasi cha gramu 20 au 30, kwa kuwa risasi hurudisha mwangwi mzuri. Rusha kupita dumu kwa mita 3 au 4, katikati kabisa ya mshale, na usimtazame ndege wala jirani, tazama skrini. Doa dogo litaingia kutoka juu upande wa kulia na kuanza kushuka kwa mshazari. Hicho ni chambo chako. Hesabu sekunde kinazochukua kufika mita 3, kisha anza kuzungusha rili na uone kinavyopanda. Ongeza kasi, uone kinapanda zaidi. Simamisha, uone kinazama. Lengo la zoezi ni kukipitisha sentimita 50 juu ya chubwi bila kuigusa. Ukiweza mara tano katika kumi, uko tayari kwa samaki. Mimi ilinichukua asubuhi tatu, na asubuhi ya kwanza sikukiona chambo hata mara moja kwa saa nzima, kwa sababu nilikuwa narusha kwa kufuata omo ya mtumbwi badala ya kufuata mshale.

Vifaa hivi vina mionekano mingine pia. Mwonekano wa chini huonyesha kilicho chini ya chombo moja kwa moja na unafaa unapovua kwa kushusha mshipi wima. Mwonekano wa upana, ambao Garmin huuita Perspective, Lowrance huuita Scout na Humminbird huuita Landscape, hulaza mwanga wa sauti ukawa mpana kushoto na kulia, hivyo unaonyesha samaki yuko upande gani lakini hauonyeshi yuko kina gani. Una faida kwenye maji yasiyozidi mita 4 au 5, kandokando ya matete anakopenda sato. Usiuguse mpaka mwonekano wa mbele umekukaa kichwani.

Hatua ya sita: kusoma unachokiona

Dagaa huonekana kama wingu la vumbi linalopumua, likibana na kutanuka. Wingu hilo likipasuka ghafla katikati, kuna aliyeingia kuwinda. Sato huwa vidoa vya wastani vilivyo karibu na sakafu, vikisogea kwa kundi na kusimama kwa kundi, kama maharage yaliyomwagwa. Sangara mkubwa ni alama nene, nzito, aghalabu peke yake au wawili watatu, akiwa amesimama kando ya mwamba au chini kidogo ya wingu la dagaa. Mwamba nao ni angavu na nyuma yake huacha giza, kwa sababu sauti haipiti. Giza hilo ni mahali ambapo sona yako haioni, na samaki aliyelala nyuma ya jiwe hatajitokeza mpaka ubadilishe upande.

Jihadhari na vidoa vinavyopanda wima moja kwa moja kutoka sakafuni. Hivyo ni viputo vya gesi kutoka kwenye tope, na kwenye ghuba zenye magugu maji ni vingi mno. Samaki hupanda kwa mshazari au kwa kujipinda. Kiputo hupanda kama moshi usio na upepo. Na usikadirie uzito wa samaki kwa ukubwa wa alama pekee: samaki huyohuyo akikupa ubavu huonekana mkubwa, akikuelekezea kichwa huwa nusu yake.

Nyavu za wenzetu nazo huonekana, kama pazia jepesi au mstari uliosimama bila kusogea. Ukiona hivyo, tafuta boya na uondoke taratibu. Mwenye wavu huo ametia fedha zake majini, na ndoano zako zikiuchana hakuna picha nzuri ya skrini itakayomlipa.

Jambo moja la Victoria ambalo lazima ulijue ni hewa ya majini. Katika miezi ya joto na mvua, takriban kuanzia Septemba hadi Aprili, maji ya ziwa hujigawa matabaka na yale ya chini kabisa huishiwa oksijeni, hivyo samaki hupanda juu ya tabaka hilo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huyachanganya maji na samaki hutawanyika hadi chini. Ukitafuta sangara sakafuni kwenye mita 45 mwezi Machi, unaweza kuchungulia jangwa siku nzima ukiwa na kifaa kizima mkononi.

Hatua ya saba: kumvua

Tumia sona ya kawaida na ramani kutafuta mahali: ncha ya mwamba inayoshuka ghafla kutoka mita 6 hadi mita 15, kilima kilichozama, mdomo wa ghuba. Simama mbali, mita 15 hadi 18, upande ambao upepo hautakusukuma juu ya samaki, na uzime mashine. Kisha pekua kwa mpini taratibu, kama mtu anayepekua chumba kwa kurunzi, ukisimama kila baada ya upana wa kiganja.

Ukimpata, mweke katikati kwa njia uliyojifunza kwenye dumu, rusha kumpita mita 3, na ushushe chambo mpaka kiwe juu yake kwa takriban mita moja. Sangara hula akitazama juu na mbele. Chambo kikipita chini ya tumbo lake mara nyingi hata hageuki. Alfajiri moja karibu na miamba niliona alama nene ikiwa imetulia kwenye mita 9. Chambo kilipofika mita 8 ilijiinua, ikaanza kukifuata, ikawa nyuma yake kama kivuli kwa mita 5 nzima. Nikasimamisha rili, nayo ikasimama. Nikangoja, ikaanza kuzama. Nilipovuta haraka mara mbili, madoa mawili yakawa moja, na fimbo ikalala. Bila skrini ningesema tu kwamba samaki aliuma. Kwa skrini nilijifunza kwamba siku ile kusimamisha kulimchosha na kukimbiza kulimwamsha, na samaki wawili waliofuata niliwapata kwa njia hiyohiyo.

Ikiwa samaki anakigeukia chambo kisha anaondoka mara tatu, badilisha kasi kwanza, kisha ukubwa, kisha rangi. Ikiwa wote wanasogea kulia kadiri unavyokaribia, wanakikimbia chombo: punguza vishindo, usiburute nanga, wala usigongeshe ndoo kwenye mbao.

Uwe na mwenzako kila unapotoka. Skrini ina nguvu ya kumteka mtu, na Ziwa Victoria hubadilika ndani ya nusu saa. Mmoja atazame skrini, mwingine atazame wingu, mawimbi na vyombo vinavyopita. Makoti ya kujiokolea yavaliwe mwilini, yasikaliwe kama mito.

Kipimo cha kutumia nguvu hii

Nchini Marekani, kifaa hiki kilipoenea kwenye mashindano ya uvuvi, ubishi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ligi ya National Professional Fishing League ilikipiga marufuku kuanzia msimu wa mwaka 2024. Sisi si lazima tufike huko, lakini tukubali kwamba mtu anayewaona samaki wakubwa mmoja mmoja anaweza kuwamaliza kwenye mwamba mmoja ndani ya wiki chache, na hao wakubwa ndio wanaotaga mayai mengi zaidi.

Kata leseni inayokuhusu, na uulize ofisi ya uvuvi ya eneo lako kuhusu maeneo ya mazalia na vipimo vinavyoruhusiwa. Tanzania, sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Sona haipimi sentimita, kwa hiyo kundi ukiliona ni la wadogo, liache na usogee. Jua pia kwamba sangara aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hutanuka kibofu cha hewa, tumbo hujaa na macho hutokeza, na ukimrudisha hivyo huelea juu mpaka afe au achukuliwe na ndege. Mimi nikikusudia kuwaachia samaki, sivui kwenye kina kinachozidi mita 10. Nikivua kwenye kina zaidi ya hicho, kila ninayemtoa ni wa kuliwa, na idadi yake naipanga kabla sijatoka nyumbani.

Baada ya kurudi

Suuza kichwa kwa maji safi, ukifute kwa kitambaa laini, na uondoe ukoga unaojishika kwenye uso wake, kwa kuwa tabaka jembamba tu la ukoga hupunguza mwangwi. Usikikwangue kwa kisu wala usitumie petroli. Kausha viungo vya nyaya kabla ya kuvifunika, chomoa betri na uilaze mahali pakavu. Mara moja baada ya miezi michache, angalia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu, ulipakue kwenye kadi ya kumbukumbu na uliweke ukiwa nchi kavu, betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo skrini inaweza isiwake tena.

Usiku huohuo, kabla hujasahau, andika kwenye daftari: tarehe, upepo, kina ulichokuta samaki, kina cha sakafu, usikivu uliotumia, na samaki walikifanyia nini chambo. Kurasa zangu za Julai na za Februari, nikiziweka pamoja, zinanionyesha sangara wa mwamba uleule wakiwa wameachana kwa zaidi ya mita 12 za kina, na sasa najua niushushe mshipi kiasi gani hata kabla sijaizamisha sona majini.